Kwenye michango sisi ni familia, kwenye ufadhili wa chuo mjukuu si familia!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nimekaa kaunta ya benki ya jamii miaka 19. Jina lake silitaji, nimebakiza miwili nistaafu na mafao yangu bado yako mikononi mwao. Mwezi Juni likabandikwa tangazo: ufadhili wa chuo kwa "familia za wafanyakazi". Nina mjukuu niliyemlea tangu ana miaka mitatu, binti yangu alipofariki. Kidato cha sita katoka na daraja la pili. Nikajaza fomu siku hiyohiyo: cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mama yake, vyote vimehakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na barua ya mtendaji wa kata. Afisa utumishi akagonga muhuri: "Mama, hapa umemaliza, subiri tu."

Mtoto akaniuliza, "Bibi, nisiombe na mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB?" Nikamkataza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, maana afisa yuleyule alisema mwenye mkopo wa HESLB hapewi ufadhili.

Dirisha la Bodi likafungwa. Wiki iliyofuata naitwa ofisini: mjukuu si mtegemezi. Mtegemezi ni wa kumzaa, au wa kuasili kwa hati ya mahakama. Jamani, nani huku kwetu anakwenda mahakamani kumuasili mjukuu wake? Nauliza imeandikwa wapi, naonyeshwa waraka wa ndani ambao haujawahi kugusa ubao wa matangazo.

Na wenyewe ndio wale wa Januari 2018. Benki Kuu (BoT) ilipofunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, za Njombe na Meru zikiwemo, tuliitwa kikaoni tukaambiwa "hii ni benki ya familia", tununue hisa tuiokoe. Nikakatwa mshahara mwaka mzima. Gawio nalisikia kwenye mkutano mkuu tu, pamoja na soda.

Barua yangu ya rufaa kwa wakurugenzi ina wiki ya tatu, kimya.

Anayejua anisaidie: rufaa ya HESLB inampokea ambaye hakuomba kabisa? Na wanasheria, waraka ambao sikuwahi kuonyeshwa unanibana, au nikafungue shauri CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi?

Wa "shukuru una kazi", piteni kimya.