Poni wawili kutoka Naivasha hadi Kilifi, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MamaKilifi
Hamjambo wenzangu. Nimenunua poni wawili Naivasha, wale farasi wa umbo dogo, jike na mwanawe aliyekwisha achishwa ziwa. Mama ana sentimita 98 begani, mwana hata 90 hajafika. Nawaleta Kilifi, safari ya zaidi ya kilomita 600. Nimepata trela ya kukodi ya farasi wawili. Mwenyewe anasema imebeba farasi wa mashindano, hawa wadogo watakaa tu kama mizigo. Neno hilo limeninyima usingizi. Niwafunge vipi? Tusafiri usiku kukwepa joto?

SaisiNgong
Mama, hongera. Mimi ni saisi, mtunza farasi, huu mwaka wa 22. Kabla ya kamba, nenda kaitazame hiyo trela. Ndani kuna chuma cha mbele kinachomzuia farasi kifuani. Kwa farasi mkubwa kinakaa kifuani kweli. Kwa poni wako kiko usawa wa macho.

Mwaka 2014 tulishuka Mombasa na poni mweusi wa tajiri wangu. Karibu na Kibwezi dereva alikanyaga breki, mbuzi walikuwa wanavuka. Nilisikia kishindo. Nilipofungua mlango mdogo wa mbele, poni alikuwa amepita chini ya chuma nusu mwili, mgongo umebanwa, miguu ya mbele inakwaruza mlango. Tulihangaika naye karibu saa nzima. Alitoka na michubuko tu, tukashukuru Mungu.

Lakini alipofika hakula. Siku ya kwanza tukasema ni uchovu. Siku ya pili daktari akamtoa damu, akaiacha itulie kwenye kichupa. Ilipojitenga, maji ya juu yalikuwa meupe kama tui la nazi. Yalikuwa mafuta. Poni na punda wakipata mshtuko wakaacha kula, mwili huyayeyusha mafuta yake kwa fujo hadi damu inajaa na ini linashindwa. Farasi mkubwa huvumilia zaidi. Tulimnywesha uji kwa mpira wa puani, tukampoteza siku ya nne. Hadi leo nasikia zile kwato mlangoni.

Kwa hiyo ondoa vyuma vyote pamoja na ukuta wa katikati. Waache wawili huru, bila kamba, mama na mwana wagusane. Nyuma pawe na mlango mzima unaofika sakafuni, maana poni hupita pale usipodhani panapitika. Tandika mpira, juu yake maranda ya mbao. Nyasi ziwe chini, usitundike wavu. Kwato ndogo huingia kwenye matundu ukakuta mguu unaning'inia. Angalia na madirisha: yako juu ya vichwa vyao, hivyo hewa haiwafikii vizuri. Fungua upande wa chini, weka waya. Kila baada ya saa tatu za safari simameni kivulini, uwape maji. Beba maji ya Naivasha kwenye jerikeni, wengine hukataa maji ya ugenini. Na dereva aendeshe kama aliyebeba mtungi kichwani.

PundaLimuru
Mnamtisha mama bure. Mimi nilipeleka punda Emali kwa Canter, nikawafunga kamba fupi, wote walifika.

SaisiNgong
Kaka, nafurahi walifika. Ila kamba fupi humzuia kuinamisha kichwa, na kuinama ndiko kunakotoa vumbi na makamasi. Akikaa kichwa juu saa nyingi, uchafu unateremka mapafuni, na homa huonekana siku zinazofuata. Mama, nunua kipimajoto. Pima asubuhi na jioni kwa siku tano. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5, ikizidi hapo, ita daktari hata kama anakula.

DaktariPwani
Saisi amesema kweli tupu. Naongeza: chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa daktari wa serikali hukohuko Naivasha, na usome masaa kinayoruhusu. Usiku usisafiri. Usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika hung'ata kuanzia magharibi hadi alfajiri. Lala Voi, waingie bandani mapema. Kama hawajachanjwa, ahirisha safari, chanjo ya juzi haisaidii. Na Kilifi usiwachunge vichakani kwenye mbung'o.

MamaKilifi
Nimeshukuru sana nyote. Walichanjwa miezi minne iliyopita, cheti ninacho. Mwenye trela amekubali kufungua vyuma, fundi anaweka mlango wa mbao leo.

MamaKilifi
Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Tuko Voi. Mwana amelala njia nzima akiegemea mama yake. Mama amekunywa nusu ndoo, sasa anakula, nasikia meno yake hapa nilipokaa. Joto 38.1. Silali ndani leo, nalala nje ya banda.