Naomba ushauri: kurudisha faili la Excel lilivyokuwa juzi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hata kula sina hamu. Mimi ndo katibu wa kikoba chetu, hisa na mikopo yote naweka kwenye faili moja la Excel. Juzi jioni dogo kaazima laptop, sijui kashika wapi, shiti ya marejesho kaifuta yote akasevu, na mimi jana nikafungua kichwa kichwa nikaongeza michango ya watu wanne nikasevu tena juu yake. Jumapili kikao, na mama mweka hazina hana utani kabisa.

Laptop ni Windows 10, niliwahi kuwasha File History inayotunza nakala kwenye diski ya nje kila lisaa. Nikienda Properties kwenye Previous Versions inasema hakuna kitu, ila nikiingia kwenye diski yenyewe nakuta folda la FileHistory na nakala kibao za faili hilohilo, kila moja ina tarehe na saa kwenye jina. Ya mwisho iliyo nzima imeandikwa 11_40 UTC, nikashtuka, kumbe kwa saa zetu ni nane na dakika arobaini mchana, dogo alikuwa bado hajaigusa.

Sasa je, nikopi tu hiyo nakala niipeleke desktop kwa jina lingine, au lazima nipitie Restore? Naogopa Restore itafuta michango ya jana. Na diski niichomoe kwanza au haina shida?