Naomba ushauri: Paris na mama mkwe mwenye magoti mabovu

Wakuu, habari zenu. Tumeingia Paris Alhamisi: mimi, mke wangu, mtoto wa kigari na mama mkwe. Nyumba tuliyopanga ni safi, ila ghorofa ya nne na lifti hamna. Mama anashuka ngazi moja moja ameshika ukuta, huku akiniambia, "Baba, wewe tangulia tu."

Metro (treni ya chini ya ardhi) nayo ni ngazi mtindo mmoja. Laini ya 14 ina lifti, lakini kwetu haipiti. Nafikiria tutumie mabasi tu, kigari kinaingia na mama anauona mji. Tatizo kadi ya Navigo ya wiki, ile ya usafiri wa hapa, inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na tangu 2025 tiketi ya basi na ya metro ni mbalimbali. Mngekuwa ninyi mngenunua nini hadi Jumapili?

La pili, chakula. Mkate wa hapa mama anausifu, ila anasema huo si chakula cha usiku. Château Rouge, mtaa wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, naambiwa bamia na ndizi zipo. Je, unga wa sembe unapatikana, au nihangaike na semolina?