Naomba ushauri: kutoka meza ya kuchora kwenda usimamizi wa ujenzi

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, uhandisi wa majengo upande wa usanifu. Niliingia huku kwa kupenda kuchora, ila mafunzo ya vitendo yamenigeuza: wiki nane saiti, kuhesabu nondo, kufukuzana na ratiba, kusubiri majibu ya vipimo vya nguvu ya zege ya siku 28. Fundi mkuu (darasa la saba, anajitania mwenyewe) alinifundisha kuliko kompyuta.

Sasa nataka usimamizi wa ujenzi. Cheti cha PMP (cha kimataifa cha usimamizi wa miradi) kwa kawaida kinataka miezi 36 ya kuongoza miradi hata ukiwa na shahada. CAPM, cheti cha ngazi ya mwanzo cha fani hiyo hiyo, hakidai uzoefu. Nianze na hicho, au niingie saiti kwanza kama msaidizi, nijifunze makadirio ya gharama? Mliopita njia hii, mlianzaje?