Mjadala: Albamu ya kuwaenzi wazee, tuzo ni ya nani?

Mzee wa Santuri
Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima nairudia Get on Board, albamu ya 2022 ya wanamuziki wa Marekani Taj Mahal na Ry Cooder. Kwa asiyeijua: Taj ni wa 1942, Cooder wa 1947, na ujanani walikuwa bendi moja kule Los Angeles, Rising Sons. Uzeeni wakakaa sebuleni kwa Joachim, mtoto wa Cooder, yeye akishika ngoma na besi, wakapiga nyimbo 11 za wanabluzi wa zamani, Sonny Terry wa harmonika na Brownie McGhee wa gitaa. Hata jina la albamu ni la santuri ya wazee hao ya 1952, ya kampuni ya Folkways. Mwaka 2023 ikabeba tuzo ya Grammy ya bluzi za asili. Sonny alishafariki 1986, Brownie 1996.

Naomba nieleweke, muziki ni mtamu. Ila mimi naona hapa watu wamevaa koti la marehemu. Wimbo ukirekodiwa upya anayelipwa ni mtunzi, siyo aliyeupiga kwanza mpaka ukajulikana. Na nyingi kati ya hizi ni za jadi, hazina mtunzi. Ile harmonika ya Sonny imelipwa nini?

Binti Mkunazini
Shikamoo mzee. Huyo Taj huku Unguja hatumjui kwa kusimuliwa. Mwaka 2005 ilitoka Mkutano, kapiga na Culture Musical Club, na jina la kikundi likakaa pale pale juu pamoja na lake. Si mtu wa kuficha alikochota.

Mimi Sonny nilimfikia kwa kupitia hawa, nikarudi nyuma kumtafuta. Msikilizeni: anavuta noti, anaiachia, anatupa ukelele mwembamba, na kabla pigo halijapita harmonika imesharudi mdomoni. Hujui chombo kimeishia wapi na koo limeanzia wapi. Kipofu yule! Taj hajaribu kumwiga. Ana mkwaruzo wake wa mtu wa miaka 80 na anautumia huo huo. Kama huko siyo kuenzi, basi tuambie kunakuwaje.

Mkulima wa Maswa
Ya tuzo nawaachia nyie. Mimi nimekwama kwenye Pick a Bale of Cotton, wimbo wa kujisifu kuchuma robota zima la pamba kwa siku. Robota moja la Marekani ni kama kilo 220, tena za nyuzi tupu, mbegu zimeshatolewa. Mimi nimechuma pamba tangu mtoto. Unajua vile vikonyo vikavu vinavyochana vidole mpaka damu inadoa pamba na mnunuzi anakushusha daraja? Hakuna mwanadamu anayejaza robota kwa siku. Ni majigambo ya mtu anayechuma akisimamiwa na mnyapara, na ndiyo maana wapo Wamarekani weusi wasiotaka watoto wao waimbishwe huo wimbo shuleni. Taj na Cooder wameuchangamsha kama wa harusini. Mguu wangu ulicheza, roho ikagoma.

Binti Mkunazini
Lakini kaka, Sonny na Brownie wenyewe waliuchangamsha hivyo hivyo.

Mkulima wa Maswa
Wao walikuwa na haki hiyo. Taj naye anayo, mtu mweusi. Cooder, mzungu, sijui, nabishana na nafsi yangu.

Mzee wa Santuri
Marahaba binti. Nikubali kwamba bila Taj na Cooder, vijana wasingemtafuta Sonny. Ila pesa msiziruke. Humo kuna Drinking Wine Spo-Dee-O-Dee, uliotamba 1949 ukiimbwa na Stick McGhee, mdogo wake Brownie. Pembeni ya jina lake kama mtunzi limeandikwa la J. Mayo Williams, prodyuza. Ukirudiwa leo, mgawo unapita humo humo. Kwa hiyo hata ule wenye mwenyewe, mwenyewe ana mbia.

Binti Mkunazini
Hilo deni ni la Taj au la waliouza santuri zamani? Unamkamata aliyekuja msibani unamwacha aliyeua.

Fundi Redio
Samahani nachelewa. Mnagombea tuzo ya watu wawili, na santuri ya 1952 ina watatu. Kuna Coyal McMahan, anaimba na kutikisa marakasi. Tangu mwanzo wa uzi huu hakuna aliyemtaja, na mzee wewe unayo santuri yenyewe.

Mzee wa Santuri
Ngoja nikaitoe kwenye kabati.