Naomba ushauri: betri ya akiba kwa boti ndogo

Wakuu habari zenu. Nina boti ya faiba futi 19, injini ya farasi 40, napeleka familia visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar, wikiendi. Betri ni moja tu, ya gari. Juzi tumetia nanga, muziki na friji vikaimaliza. Jioni injini ikagoma, nikavuta kamba mpaka bega likafa ganzi (mke wangu bado anacheka).

Sasa nataka ya pili. Matumizi ni kama ampea 5 kwa saa 6, yaani Ah (ampea-saa) 30. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu ya chaji mara kwa mara inakufa mapema, hivyo ninunue Ah 75? Au lithiamu ya Ah 50, nyepesi ila bei! Je, chaji ya injini itazimudu zote, au niongeze sola juu ya turubai? Aliyefunga swichi ya kutenganisha betri kwenye maji chumvi anisaidie.