Kampuni za mafuta zilipe hizi sola, sie tumechoka kukopeshwa kwa uchafu wa wengine

Assalaam alaykum wakuu. Uzi mrefu na nina hasira, mtaniwia radhi.

Kila kikizungumzwa kitu cha umeme wa jua hapa Zanzibar utasikia mkopo. Mradi wa ZESTA ule wa Benki ya Dunia wa 2021, wenye mambo ya sola na betri na njia za umeme, sehemu kubwa ya hela yake ni mkopo, yani mie na wewe na hawa watoto walioko skuli saivi ndo tutakaolipa. Sola naitaka, tena jana. Ninachouliza ni kwa nini bili iletwe kwetu wakati aliyechafua anajulikana kwa jina na faida yake anaitangaza kila mwaka.

Mana hawa watu walijua. 1977 mwanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, James Black, aliwakalisha wakubwa wake akawaambia kuchoma mafuta na makaa kunabadilisha hali ya hewa ya dunia. 2023 ukatoka utafiti kwenye jarida la Science, wamezipitia hesabu za joto walizopiga wanasayansi wa Exxon wenyewe toka miaka ya 70, nyingi zimekuja kuwa kweli. Ndani wanajua, nje wanamwaga pesa kutia watu shaka. Miaka yote hiyo!

Sasa njooni muone nani anaumia. Mama yangu mdogo analima mwani. Ule wenye bei, cottonii, maji yakishapata moto vitawi vinaanza kuwa vyeupe, ukivishika vinateleza vinakatikia mkononi, bamvua linalofata akishuka pwani anakuta kamba tupu imebaki na tai-tai zake, vile vijikamba vya kufungia mwani. Basi anarudi kwenye spinosum ambao bei yake ni ya kutupa, anashinda ndani ya maji mpaka kiunoni kwa hela ya unga. Muulizeni mama yeyote Paje au Jambiani atawaambia hayohayo. Na huku kwetu Pemba kuna mabonde ya mpunga bahari imeshaingia, ukipita kiangazi unaona chumvi nyeupe juu ya udongo, wenyewe wanabeba mawe na mchanga kwa mikono kujenga tuta. Watu hawa hawana gari wala jenereta. Wallahi inauma.

Shell 2022 peke yake faida karibu dola bilioni 40. Exxon bilioni 55 na ushee. Huo ndo mwaka ambao petroli ilipanda kwa ajili ya vita ya Ukraine mpaka watu wa ngalawa za mashine wakawa wanakaa diko hawatoki, nauli ya daladala nayo ikawa kelele. Kwahiyo anayekuja kuniambia "ukiwatoza watapandisha bei" namjibu hivi, walipandisha bila ya kutozwa chochote na hela wakaweka mfukoni. Mie nasema itozwe faida, isitozwe lita. Alafu msiniambie wataleta wenyewe kwa hiari, Februari 2025 BP wametangaza kupunguza zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka kwenye nishati safi na kurudi kwenye mafuta na gesi. Hiari ndo hiyo.

Na msaada pia siutaki uchanganywe na hili. Norway walitulipia sehemu kubwa ya waya wa baharini kutoka Tanga 2010, kabla ya hapo Pemba tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli pale Wesha, tunashukuru sana na tutaendelea kushukuru. Lakini msaada unaomba, na anayekupa akibadili mawazo huna la kumfanya. Deni unadai.

Tena kanuni yenyewe ipo zamani. Meli ikimwaga mafuta baharini upo mfuko wa kimataifa wa fidia, na wanaouchangia ni wanaopokea mafuta hayo kwa meli. Hakuna anayesema mvuvi alipe kusafisha pwani. Sasa kikimwagwa hewani kwa nini anayelipa ni mlima mwani? Vermont, huko Marekani kwenyewe, 2024 wamepitisha sheria kampuni za mafuta zilipie madhara, New York nao mwaka uleule wakataka dola bilioni 75 kwa miaka 25. Kampuni zimekimbilia mahakamani kuzuia, ilitegemewa.

Najua mtasema sie visiwa vidogo nani atatusikia. Vanuatu ni visiwa vidogo pia, wao ndo walioanzisha mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki Julai 2025 ikatoa maoni kwamba nchi inayoacha kuyalinda mazingira ya hewa, hata kwa kutoa vibali vya kuchimba mafuta na gesi, inaweza kuwa imevunja sheria ya kimataifa.

Na hapa najua nitawakera baadhi yenu. Kitalu cha Pemba–Zanzibar, eneo la kutafuta mafuta na gesi, kilisainiwa na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah huko Emirati, 2018, na vitalu vyengine vimeshanadiwa. Mie sijui kumwambia mtu asiye na kazi asitake gesi. Ninachotaka ni iandikwe kwenye kila mkataba, kabla ya kisima cha kwanza, kwamba fungu la mapato linakwenda moja kwa moja kwenye sola za vijijini, kwenye matuta ya mabonde, na kwa wale kina mama wanaofundishwa ufundi wa sola pale Kinyasini, ujuzi wanao, vifaa ndo vinavyokosekana. Isiwe "tutaangalia baadae".

Wawakilishi wetu mnaopita humu kimyakimya nawauliza na nataka jibu hapahapa, nani kati yenu ameshasimama Barazani akauliza hilo, na alijibiwa nini?